Kuandika Filamu ya Mtu Aliyesingiziwa

Kisa cha Yusufu na mke wa Mheshimiwa wa Misri kina nguo moja yenye kazi mbili. Katika kitabu cha Mwanzo, vazi analoliacha mkononi mwa yule mwanamke ndilo linalomtia hatiani. Katika Qur'ani, kanzu imechanika kwa nyuma, na mchaniko huo unaonyesha kwamba Yusufu alikuwa anakimbia. Ushahidi uko wazi, walioutazama wameuelewa, na bado anafungwa. Mwandishi wa skripti anayetaka kuishika mada hii ana karibu kila kitu anachohitaji hapo: kitu kimoja kinachosomeka namna mbili, na watu wanaojua ukweli lakini unawasumbua kuutekeleza.

Skripti nyingi za aina hii huharibikia mahali pamoja. Aliyesingiziwa anapewa kurasa tisini za kulia na kupambana, aliyemsingizia anapewa mbili za kuwa mbaya. Matokeo yake ni filamu inayomlilia mtu bila kueleza yaliyompata. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili, kwa anayesema na wanaoyabeba maneno yake.

Mtazamaji ajue nini, na lini

Kabla ya onyesho la kwanza, andika sentensi hii kwenye karatasi na uibandike mbele yako: "Mtazamaji anajua ukweli kuanzia ukurasa wa ___." Skripti iliyopangwa kikawaida huhesabiwa ukurasa mmoja kwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo namba utakayojaza ni dakika. Usipoijaza sasa, mhariri ataijaza baadaye kwa kukata, na hutaipenda.

Unaweza kumwambia mapema. Katika Jagten ya Thomas Vinterberg (2012), tunaona jinsi mtoto alivyoumia moyo baada ya kukataliwa na mwalimu wake wa chekechea, na tunajua picha chafu iliyompa maneno aliionea wapi. Hakuna fumbo. Kinachotukalisha kitini ni kuwaona marafiki wa miaka mingi wakigeuka mmoja mmoja. Gharama ya njia hii ni kwamba huwezi tena kumvuta mtazamaji kwa swali la "kafanya au hakufanya?" Kwa hiyo kila onyesho baada ya tuhuma lazima lifunge mlango mmoja: kazi, mpenzi, duka la vyakula, hata mbwa. Onyesho lisilofunga mlango, litoe.

Unaweza kumnyima jibu kabisa. 12 Angry Men ya Sidney Lumet (1957) huchukuliwa na wengi kuwa filamu ya kumwokoa asiye na hatia. Itazame tena: hakuna anayethibitisha kwamba kijana hakuua. Inajenga shaka tu, na shaka inatosha kisheria. Ukienda njia hii, chora jedwali la safu mbili, "alifanya" na "hakufanya", na uweke kila ushahidi katika safu zote mbili pamoja na maelezo yake. Ushahidi unaosomeka upande mmoja tu ukizidi miwili, umeshampa mtazamaji jibu bila kujua. Kuna jambo jingine la kuwahi mapema: mwigizaji hawezi kuigiza shaka. Justine Triet alipokuwa akitengeneza Anatomie d'une chute, filamu iliyoshinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2023, mwigizaji wake mkuu Sandra Hüller alitaka kujua kama mhusika wake ana hatia. Jibu alilopewa ni kwamba aigize kama asiye na hatia. Hiyo inachezeka.

Njia ya tatu, ngumu kuliko zote, ni kumpotosha mtazamaji pamoja na anayetuhumu. Katika Atonement (2007) tukio la kwenye chemchemi tunaliona kwanza dirishani, kwa macho ya msichana asiyesikia kinachosemwa, kisha tunarudishwa na kuliona kwa karibu. Mpangilio huo haubadilishwi: mbali kwanza, karibu baadaye. Ukiugeuza, yule msichana anakuwa mjinga machoni petu, na hatutamsamehe kwa kukosea jambo ambalo sisi tumeshaliona.

Katika njia hii kuna mpaka mmoja: kamera inaruhusiwa kuficha, hairuhusiwi kudanganya. Asghar Farhadi katika A Separation, filamu yake ya mwaka 2011 kuhusu talaka na mimba iliyoharibika anaficha kwa kukata tu. Mwanamke anamfuata mzee barabarani penye magari, picha inakatwa, tunaendelea na mambo mengine. Kilichotokea pale tunakuja kukijua mwishoni, na hatuoni kwamba tumeibiwa. Alfred Hitchcock alivuka mpaka huo katika Stage Fright (1950): alianza na kisengerenyuma, yaani kurudi kwenye tukio lililopita, kilichokuja kuonekana ni uongo mtupu wa mhusika, na miaka baadaye alikiri mbele ya mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut kwamba hakupaswa kufanya hivyo. Kama ni lazima uongo uonekane kwa picha, uwe na mwenyewe. Katika Rashomon (1950) kila simulizi ina msimuliaji tunayemwona akisimulia, kwa hiyo picha zinapogongana tunajua wa kumwuliza ni nani.

Mnyororo wa maneno

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Tuhuma ya uongo haihitaji mwongo. Inahitaji watu wanne au watano, kila mmoja akiongeza kidogo, na kila mmoja akiamini amerudia tu alichosikia. Wakiwa wawili, inageuka njama. Wakiwa zaidi ya sita, mtazamaji anapoteza hesabu.

Chukua mfano wa shule ambako mtihani umevuja. Ukweli ni kwamba Mwalimu Rehema alichelewa kutoka, akiwa na bahasha ya majibu yake ya hospitali. Mlinzi na karani wanazungumza asubuhi:

MZEE HAMADI: Mwalimu Rehema jana alichelewa. Nilimfungulia geti saa moja na kitu.
KARANI: Alikuwa na nini?
MZEE HAMADI: Mkoba wake. Na bahasha.
KARANI: Ya kahawia?
MZEE HAMADI: (anafikiri) Ya kahawia, ndiyo.

Nusu saa baadaye, karani yuko kwa mwalimu mkuu: "Mzee Hamadi alimwona Rehema akitoka usiku na ile bahasha ya kahawia." Mchana, mwalimu mkuu yuko kwenye simu na mwenyekiti wa bodi: "Tunaye shahidi. Alitoka na mitihani usiku."

Hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia. Angalia lakini kilichotokea kwa maneno yenyewe. "Bahasha" imekuwa "ile bahasha": neno moja dogo limegeuza bahasha yoyote kuwa bahasha inayojulikana. "Saa moja na kitu" imekuwa "usiku". "Nilimfungulia geti", tendo la adabu lililofanyika waziwazi, limekuwa "alimwona", kana kwamba Rehema alikuwa akinyata. Rangi ya bahasha haikutoka kwa shahidi. Ilitoka kwa aliyeuliza. Unapoandika mnyororo wako, weka kila kiungo kwenye mstari wake na upigie mstari neno lililobadilika. Mabadiliko yasizidi matatu kwa kila kiungo. Yakiwa manne, mtazamaji anaona mkono wa mwandishi.

Sikiliza pia vijineno vya uvumi. Mtu akisema "eti Rehema kauza mtihani", bado anajiweka mbali na habari yenyewe. Akisema "inasemekana", ameuficha uso wa msemaji. Akisema "Rehema kauza mtihani", amekwisha kuibeba. Panga kabisa ni onyesho gani "eti" inadondoka, na mdomoni mwa nani. Ikidondoka mdomoni mwa rafiki wa karibu, hilo ni onyesho. Huhitaji kuongeza muziki.

Kila mbebaji ana faida yake, na faida iliyo bora ni ile asiyoijua. Karani ndiye mwenye ufunguo wa kabati la mitihani. Kama si Rehema, maswali yatamrudia yeye. Hamchukii Rehema, hajakaa akapanga. Anahitaji tu awe mtu mwingine. Mwalimu mkuu naye ana wazazi getini na anahitaji jina kabla ya saa kumi. Ukimpa karani ugomvi wa zamani na Rehema, au wivu wa mapenzi, umerahisisha kila kitu na umeiua filamu.

Halafu mrudie shahidi wa kwanza, jambo ambalo waandishi wengi husahau. Mzee Hamadi, ambaye jana alikuwa akisalimiwa kwa kupungiwa mkono, leo ameitwa ofisini, kapewa kiti na chai, anaitwa "shahidi wetu". Akisikia maelezo yake yakisomwa kwa sauti, anajua kuna kitu hakikai sawa. Mpe onyesho zima la kujaribu kusahihisha, dakika mbili hadi tatu, na watu wamshukuru kabla hajamaliza sentensi:

MZEE HAMADI: Mimi nilisema bahasha tu, Mwalimu. Sikuona ndani.
MWALIMU MKUU: Ndiyo, mzee wangu. Hayo mengine tuachie sisi.

Maswali yanayojijibu

Anayetuhumu akiwa mtoto, uzito wote uko kwa mtu mzima anayeuliza. Kesi ya shule ya awali ya McMartin huko California, ya tuhuma za kuwanyanyasa watoto kingono, ilianza mwaka 1983 na kuisha mwaka 1990 bila mtu kutiwa hatiani, na sehemu kubwa ya lawama iliangukia namna watoto walivyohojiwa: maswali yenye jibu ndani yake, kurudiwarudiwa, na sifa kwa mtoto aliyejibu "vizuri". Vinterberg aliliandika hilo katika onyesho moja tu. Mtoto anataka kwenda kucheza, mtu mzima mpole anampa maneno, mtoto anaitikia kwa kichwa.

Liandike hivyo. Muulizaji awe mpole. Swali la kwanza liwe wazi ("Ilikuwaje?"), mtoto asiseme kitu. La pili liwe na nusu ya jibu, la tatu liwe na jibu lote. Mtoto aseme "hapana" mara moja, waziwazi, na isiandikwe kwenye daftari. Kalamu isiyosogea ndiyo shoti ya onyesho hilo.

Tuhuma za ngono

Hapa ndipo mada inapochoma, na mwandishi mzembe anafanya madhara. Tafiti zilizopitia mafaili ya polisi kwa makini mara nyingi huweka ripoti za uongo za ubakaji kati ya asilimia 2 na 10. Zilizobaki si kwamba zimethibitishwa zote. Nyingi hazifiki popote. Kwa hiyo filamu ya mwanamke anayemsingizia mwanamume inasimulia jambo linalotokea, lakini inatazamwa na watu ambao baadhi yao walisema kweli na hawakuaminiwa. Hilo halikuzuii kuandika. Linakulazimisha kujua unachokifanya.

Kosa la kawaida ni mwanamke aliyeandikwa kama mashine ya kisasi: mwerevu, mzuri, hana historia, hana hofu. Dawa si kumpunguzia uongo wake, ni kumpa sababu inayobana. Katika To Kill a Mockingbird (1962), Mayella Ewell anamsingizia Tom Robinson, na filamu haimpi msamaha. Lakini inatuonyesha baba yake na jinsi anavyomwogopa. Inatuonyesha pia mji wa kibaguzi ambamo binti mzungu kumtamani mwanamume mweusi ni aibu kuliko kumwua. Uongo wake unaeleweka mpaka unatisha. Jiulize: kama angesema kweli siku ile, ni nini kingempata kabla ya jua kuzama? Kama huna jibu la sentensi moja, mhusika wako bado hajazaliwa.

Usimweke mwanamke wa pili aliyedhulumiwa kweli ili tu "kusawazisha". Watazamaji hunusa mizani hiyo mara moja. Akiwepo, awe na kazi katika kisa: tuhuma ya uongo ikiporomoka, ya kwake ndiyo inayotupwa pamoja nayo, na tumwone afisa akiifunga faili.

Kosa bila mwongo, na kukiri kusiko kweli

Kwa hesabu za Innocence Project, shirika la Marekani linalowatetea waliohukumiwa kimakosa, kati ya watu 375 wa kwanza waliosafishwa kwa vipimo vya DNA nchini Marekani, takribani asilimia 69 walihusishwa na kosa kwa sababu shahidi alimtambua mtu siye, na takribani asilimia 29 walikuwa wamekiri kosa ambalo hawakulitenda. Mwandishi anayetafuta mhalifu nyuma ya kila kesi anakosa sehemu kubwa ya mada.

The Wrong Man ya Hitchcock (1956), iliyotokana na kesi ya kweli, inaonyesha utambuzi wa kimakosa hatua kwa hatua. Polisi wanamwambia mwanamuziki aandike maneno ya barua ya mwizi, naye anakosea tahajia ya neno lilelile alilokosea mwizi. Mtazamaji anakubali, kwa sababu bahati mbaya inayomkandamiza asiye na hatia huaminika. Bahati njema inayomwokoa ndiyo huleta miguno ukumbini. Katika skripti moja, bahati mbaya ziwe mbili kwa wingi, na mkombozi wa ghafla asiwepo kama unaweza kumkwepa.

Kwa onyesho la kukiri, sahau kofi na taa usoni. Unahitaji saa ukutani, njaa, usingizi, na ahadi ya kwenda nyumbani. Ufundi uko hapa: kila undani wa kosa atamkwe kwanza afisa, katikati ya maneno mengine, na mtuhumiwa aurudishe kurasa tatu au nne baadaye kama wa kwake. Afisa akisema "mlango wa nyuma" ukurasa wa 41, kijana aseme "niliingia kwa nyuma" ukurasa wa 44. Usimwelekeze mtazamaji. Atakayeligundua mwenyewe atamgutusha jirani yake.

Kuhusu picha, funzo moja la Lumet linatosha. Katika chumba kimoja cha 12 Angry Men alianza na kamera juu ya usawa wa macho, katikati akaishusha usawa wa macho, mwishoni akaiweka chini, huku lenzi zikizidi kuwa ndefu, na kuta zikaonekana kusogea. Mhusika wako naye anaweza kubanwa bila seti kubadilika.

Baada ya kuachiwa

Skripti ikiishia kwenye ngazi za mahakama watu wakikumbatiana, imekatwa mapema. Acha kurasa 10 hadi 15 baada ya kusafishwa. Jagten inaruka mwaka mzima, inamrudisha mtu wake mezani kwa marafiki, kisha risasi inampita msituni na hatumwoni vizuri aliyeifyatua. Katika The Wrong Man, mume ameshaachiwa na mke bado yuko hospitali ya magonjwa ya akili. Habari njema anazoletewa hazimfikii. Kwa Rehema huhitaji risasi. Anarudi darasani, wanafunzi wanasimama kumwamkia, na karani anapomwona koridoni anahamisha rundo la bahasha kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

Ukitumia kisa cha kweli

Rahisisha kwa uangalifu. In the Name of the Father (1993), kuhusu watu waliofungwa kwa milipuko ya Guildford ya mwaka 1974 na kuachiwa mwaka 1989, iliwaweka baba na mwana seli moja, jambo ambalo halikuwa hivyo. Lilikuwa chaguo zuri la kisanii, na likawapa wasioitaka habari ile pa kushika.

Weka nakala ya skripti ambayo pembeni mwa kila mstari unaomhusu mtu aliye hai imeandikwa chanzo chake: ukurasa wa hukumu, tarehe ya ushahidi, au neno "ubunifu". Wanasheria na kampuni za bima wataiomba. When They See Us (2019), tamthilia ya sehemu nne kuhusu vijana watano waliofungwa kimakosa kwa ubakaji katika bustani ya Central Park, New York, ilizaa kesi ya kashfa kutoka kwa aliyekuwa mwendesha mashtaka. Ilimalizwa mwaka 2024 kwa makubaliano: Netflix ikachangia dola milioni 1 kwa Innocence Project, na tangazo kwamba kuna mambo yamebuniwa likahamishiwa mwanzoni. Na mwandikiane mkataba hata na uliyemtetea. The Thin Blue Line ya Errol Morris (1988) ilisaidia kumtoa Randall Dale Adams gerezani mwaka uliofuata. Kisha Adams akamshtaki Morris kuhusu haki za simulizi ya maisha yake.

Jaribio la mwisho

Wasomee skripti watu watano wasioijua. Simama ukurasa wa 30 na kila mmoja aandike, bila kushauriana: nani alisema kwanza, alisema nini hasa, na wewe ungemwamini? Wakikosea swali la pili kwa namna tofauti tofauti, mnyororo wako unafanya kazi hata chumbani. Wakilijibu wote sawasawa, onyesho la tuhuma lina maneno mengi mno, punguza nusu.

Kisha chapisha peke yake kurasa zote anazotokea anayetuhumu, na uzisome kama filamu fupi. Ukikuta pengo la kurasa zaidi ya 25 bila yeye, rudi ukamtafute alikuwa wapi wakati mwenzake anahukumiwa: anakula nini, nani kamtembelea, simu gani hakuipokea.